Nani alivusha ugonjwa wa makemba? Kutoka Yangambi mpaka mashamba yetu ya Basoko



Kwenye kikao cha mwisho cha kamati, swali moja lilirudi mara nyingi kupita mengine yote: kwa nini mwaka huu tunachelewa kugawa machipukizi ya makemba? Pesa iko, mashamba yamekwisha kufyekwa, mvua haingoji mtu. Mzee mmoja alisema wazi kwamba sisi watu wa shirika tunapenda makaratasi kupita chakula cha watu. Watu walicheka, lakini hawakucheka sana. Nikaombwa nieleze katika jarida. Nilipokaa kuandika niliona kwamba nikianza na mwaka huu hamtanielewa. Ugonjwa tunaouogopa uko na historia ndefu, na sehemu moja ya historia ile iliandikwa karibu sana na sisi, pale Yangambi, juu kidogo ya mto.

Ugonjwa wenyewe wengi wenu mumekwisha kuuona, hata kama hamuujui kwa jina. Mgomba unaanza kutoa majani membamba, mafupi, yanayosimama wima, na kila jani jipya ni dogo kupita lile lililotangulia. Juu kabisa yote yanasongamana, kama mtu amepita akafunga fundo. Pembeni jani linageuka manjano, kiisha linakauka na kukatika-katika. Ukilichukua jani ukalielekeza kwenye jua, utaona kwenye kikonyo na kando ya mshipa wa kati vistari vya kijani kizito, vingine vifupi kama nukta, vingine virefu, vimepangana kama maandishi ya telegrafu ya zamani. Vistari hivyo ndiyo alama ya kuaminika. Majani mafupi peke yake yanaweza kutokana na udongo uliochoka au na fukusi anayekula mgomba chini.

Mgomba ulioshikwa ukiwa mtoto hauzai. Ulioshikwa ukiwa mkubwa unaweza kutoa mkungu mmoja wa mwisho, mara nyingine mkungu mbaya uliojikunja, kiisha basi: watoto wake wote wanatoka ardhini wakiwa wagonjwa. Wataalamu wanauita banchitopu. Mama mmoja wa upande wa Aruwimi aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kisangani: «Ile batoto ya mugomba tulitoaka Kisangani, ilibakia paka mifupi. Mwaka ya pili, haiyazala hata moja.» Katika maneno hayo machache alieleza karibu yote ninayotaka kusema hapa.

Niongeze mara moja, juu ya wale wanaouliza: ugonjwa huu haumdhuru mtu. Mukipata mkungu kwenye mgomba mgonjwa, pikeni, fanyeni lituma, mukule bila woga. Shida ni kwamba mwaka unaofuata hakutakuwa na lituma.

Anayeubeba ni kidukari. Vidukari wako wa aina nyingi sana duniani, na wakulima wengi wanawajua kwenye maharagwe, kwenye karanga, kwenye mboga. Huyu wa mgomba ni mdogo kama kichwa cha pini, rangi yake ni kahawia nzito karibu na nyeusi, na anapenda kujificha: chini kwenye shina karibu na udongo, au ndani ya maganda ya majani, au katikati ya jani changa ambalo halijafunguka. Mahali mutakapoona chungu wanapanda na kushuka kwenye mgomba kwa haraka, funueni ganda mutazame. Chungu wanawachunga vidukari kama watu wanavyochunga mbuzi, kwa sababu wanakula ule utomvu mtamu vidukari wanaoutoa. Daktari mmoja wa meli za Kifaransa, Charles Coquerel, ndiye aliyemwandika mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi, mwaka 1859, na jina la Kilatini alilompa, Pentalonia nigronervosa, linazungumzia mishipa nyeusi ya mabawa yake.

Majike wanazaa bila dume, na wanazaa watoto hai, hawatagi mayai. Kwa hiyo kidukari mmoja kwenye mgomba anakuwa kijiji kwa muda mfupi. Wengi hawana mabawa. Baada ya vizazi kadhaa, nafasi ikibana, wanatokea wenye mabawa na hao ndio wanaohamia mgomba mwingine. Kidukari akinyonya mgomba mgonjwa kwa saa nne hivi anaweza kuchukua virusi. Virusi vinapita katika mwili wake mpaka kwenye mate, na kuanzia hapo dakika 15 za kunyonya mgomba mzima zinaweza kutosha kuuambukiza. Anabaki na virusi siku 20 au karibu na hapo. Watoto wake hawazaliwi navyo. Kila mmoja lazima anywe mwenyewe.

Sasa, tukisikia hivyo tunafikiri huyu mdudu ni msafiri mkubwa. Hapana. Huko Australia mtafiti mmoja, Allen, alipima miaka ya 1970 na 1980 ginsi ugonjwa unavyoruka kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine ndani ya mashamba. Kwa wastani ulienda mita 15 mpaka 17. Karibu theluthi mbili ya migomba mipya iliyoshikwa ilikuwa ndani ya mita 20 kutoka mgomba mgonjwa, na 99 kwa 100 ilikuwa ndani ya mita 86. Mita 20 ni kama kutoka mlango wa nyumba mpaka kabine nyuma ya uwanja. Upepo unaweza kumbeba mbali zaidi siku moja moja, ndiyo. Lakini mdudu anayetembea kutoka nyumba mpaka kabine hawezi kuvuka mto Kongo, kupita msitu, akafika kila kijiji cha Tshopo. Mtu mwingine alimsaidia.

Ugonjwa uliandikwa mara ya kwanza katika visiwa vya Fiji, kule Pasifiki, mwaka 1889. Fiji wakati ule walikuwa wanauza ndizi nje kwa meli, na kwa miaka michache biashara ile iliporomoka. Misri uliandikwa mwaka 1901. Sri Lanka na Australia, 1913. Angalieni ramani: ni bandari baada ya bandari. Hakuna meli iliyopakia ugonjwa kwa makusudi. Walipakia machipukizi ya kupanda, ya aina nzuri zinazozaa, na machipukizi yalikuwa na mgonjwa ndani.

Habari ya Australia nitakaa nayo kidogo, kwa sababu inatuhusu kupita inavyoonekana. Baada ya Vita ya Kwanza ya dunia, serikali za huko zilikuwa na askari wengi waliorudi nyumbani bila kazi. Wakawapa ardhi. Baadhi yao, upande wa kaskazini wa New South Wales na mpakani na Queensland, walipanda ndizi. Ni zao zuri kwa mtu anayeanza upya: halingoji miaka mingi, halihitaji mashine, na jirani anakupa mbegu. Mbegu ndiyo ilikuwa sumu. Katikati ya miaka ya 1920 sehemu kubwa kabisa ya mashamba ya huko ilikuwa imekufa, na watu waliorudi vitani wakaondoka tena, safari hii wakikimbia mgomba. Nikisoma habari ile siwezi kuacha kufikiri juu ya orodha ya wanachama wetu.

Mwaka 1924 iliundwa kamati ya kuchunguza. Kijana mmoja mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Charles Magee, alifanya kazi ya uvumilivu: alichukua vidukari kutoka mgomba mgonjwa, akawaweka kwenye mgomba mzima uliofungiwa mahali pasipo na wadudu wengine, akangoja majani. Watu walikuwa wamelaumu udongo, wamelaumu kuvu, wamelaumu minyoo ya mizizi. Magee alionyesha kwamba ni kidukari, na alitoa matokeo yake mwaka 1927. Virusi wenyewe hakuweza kuwaona. Tabia yao ya ndani ilikuja kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1990 tu, zaidi ya miaka 60 baadaye. Jambo hilo linanifurahisha: mtu hakuhitaji kumwona adui kwa macho ili ajue njia anayopita.

Na dawa aliyoshauri haikuwa dawa ya kupulizia. Ilikuwa sheria. Kila shamba likaguliwe. Mgomba mgonjwa ung'olewe wote, mara moja, hata kama uko na mkungu. Na chipukizi lolote lisitoke mahali kwenda pengine bila ruhusa. Mashamba yale yalifufuka katika miaka iliyofuata. Lakini ndugu wafadhili, tafadhali someni sentensi hii polepole: Australia haijaumaliza ugonjwa ule mpaka leo. Bado kuna wakaguzi wanaotembea katika mashamba ya kule kaskazini, karibu miaka mia baadaye. Kwa hiyo mutakapoandika katika fomu zenu swali la «mradi utaisha lini», mutuelewe tukisita kujibu.

Tuje kwetu. Basoko tumezoea vitu vinavyokuja na mto. Stanley alishuka nao mwaka 1877 akapigana na mababu hapa kwenye mdomo wa Aruwimi. Watu wa Tippu Tip walitoka upande ule ule wa juu, na Kiswahili kidogo kilitoka nao. Serikali ya Leopold ilipanda kutoka chini ikajenga kambi yake. Ndizi zenyewe zilikuwa zimekwisha kufika zamani sana kabla ya hao wote, zikageuka makemba ya kila umbo na kila jina, mpaka leo hakuna mtu wa sayansi anayezungumza juu ya makemba ya dunia bila kutaja msitu wa Kongo.

Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi yao ya utafiti wa kilimo, na kituo chake kikubwa kikawekwa Yangambi. Wale wazee waliokiona kikiwa hai wanasema kilikuwa mji: maabara, bustani za mimea, nyumba za matofali, njia zenye namba za kilomita. Mafuta ya mawese, kahawa, kakao, mpira, mpunga, yote yalijaribiwa pale. Ndizi pia. Mtaalamu Edmond De Langhe alifanya kazi Yangambi miaka ya 1950, akikusanya na kupanga aina za makemba, na kazi yake kubwa juu ya makemba ya Afrika ya ikweta ilitoka mwaka 1961. Kuna ndizi moja ambayo wakulima wa nchi nyingi wanaijua kwa jina la Yangambi Km 5, jina la njia ile ile yenye namba. Inasifiwa kwa sababu inavumilia ugonjwa mwingine, ule wa majani meusi.

Na katika miaka ile ile ya 1950, pale pale Yangambi, banchitopu iliandikwa kwa mara ya kwanza katika Kongo.

Sitaki mtu afikiri nasema Yangambi ilitengeneza ugonjwa. Maneno kama hayo nimeyasikia kwenye balenieri na si kweli. Kituo cha utafiti ni mahali ambapo kuna macho yaliyofundishwa kuona. Lakini kituo cha utafiti pia ni mahali ambapo mimea inaingia na kutoka kila siku, na hilo ndilo la kukumbuka. Jirani na kituo, kuanzia mwaka 1942, INEAC ilikuwa imewapanga Waturumbu katika mpango wa mashamba waliouita paisana: msitu unakatwa kwa vipande virefu kama njia, kila familia iko na sehemu yake, na mazao yanafuatana kwa ratiba. Makemba yalikuwa ndani ya ratiba, pamoja na mpunga na mihogo. Kwa macho ya agronomu ilikuwa kazi safi. Kwa macho ya kidukari, mgomba uliosimama katika mstari na mgomba mwenzake kwa kilomita nyingi ni barabara ya lami. Bustani za zamani za mababu, mgomba tatu hapa, tano kule, msitu katikati, zilikuwa ngumu zaidi kwake.

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Wataalamu wengi waliondoka. Mwezi wa nane 1964 Simba walichukua Kisangani, na katika jimbo lote watu waliingia msituni. INEAC ikawa INERA mwaka 1970, Yangambi ikabaki na jina kubwa na pesa kidogo. Katika miaka yote hiyo hakukuwa na mtu wa kung'oa mgomba mgonjwa, na hapa inafaa kujua tabia moja ya mgomba: shamba lake likiachwa, haufi. Mihogo iliyoachwa inaoza au inaliwa na nguruwe wa msitu. Mgomba unatoa mtoto, mtoto anatoa mtoto. Mgomba mgonjwa unafanya hivyo hivyo, unatoa watoto wagonjwa mwaka baada ya mwaka, na vidukari wanakaa pale wakingoja jirani. Kila kijiji kilichoachwa juu ya vita kilibaki na ghala ya ugonjwa nyuma ya nyumba.

Kiisha vita vya 1996 mpaka 2003. Wanachama wetu wengi walitoka wakati huo, wengine waliishia Kisangani, na huko wakakutana na mabomu ya mwezi wa sita 2000, zile siku sita ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji usio wao. Sirudii habari hizo, munazijua kunipita. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ramani ya ugonjwa ilifunguka katika Afrika. Bonde la Rusizi, Burundi na Rwanda, tayari 1987. Malawi miaka ya 1990. Kamerun 2008, Benin 2011, Nigeria 2012. Mwaka 2020 ukaonekana kaskazini-magharibi mwa Uganda, na mwisho wa mwaka ule ule Kigoma, Tanzania. Waliochunguza virusi vya nchi za Afrika katika maabara walikuta vinafanana sana, kama watoto wa ukoo mmoja, tena ukoo ule ule wa visiwa vya Pasifiki. Kwa maneno mengine, havikuzaliwa hapa na pale. Vilibebwa, chipukizi kwa chipukizi.

Kwa ubavu niseme: vidukari wana tabia hii kwenye mazao mengine pia. Ule ugonjwa wa karanga unaofanya mmea kubaki mfupi, majani madogo yaliyojikusanya kama ua, Zimmermann aliuandika Tanganyika mwaka 1907, na anayeubeba ni kidukari mwingine, mweusi. Tofauti ni kwamba karanga mukivuna shamba linabaki tupu na mwaka unaofuata munaanza na mbegu kavu, ambayo haibebi ugonjwa ule. Mgomba hauna mbegu kavu. Mbegu yake ni mwili wake.

Sasa tufike kwenye kurudi. Mtu anayerudi kijijini baada ya miaka kumi hawezi kuja mikono mitupu. Anakuja na sufuria, na turubai, na pia na mafungu ya machipukizi aliyopewa na ndugu aliyemkaribisha, Mangobo au Lubunga, aliyochimba nyuma ya nyumba ile asubuhi ya safari. Nimeyaona kwenye balenieri zinazoshuka, yamelazwa juu ya mizigo, tunguu zimefunikwa na majani ili zisikauke. Vidukari wanapenda sana kivuli kile. Kwetu chipukizi haliuzwi kwa ndugu, linatolewa. Kumwambia mtu «mbegu yako ni ya mashaka, itupe mtoni» ni kama kumwambia kwamba ndugu yake alimpa chakula kibaya. Mimi mwenyewe ni mtu wa shirika, nina diploma na fulana yenye nembo, lakini sijapata bado njia nzuri ya kulisema neno hilo mbele ya familia iliyoshuka sasa hivi kwenye mtumbwi.

Miaka michache iliyopita shirika moja, ambalo sitalitaja, lilipita katika vijiji kadhaa vya mto likagawa machipukizi kwa waliorudi. Yalinunuliwa kwa wingi kwa mchuuzi mmoja, hakuna aliyetembea katika mashamba yalikotoka. Ripoti ilikuwa nzuri, picha nzuri zaidi. Ripoti ilihesabu machipukizi yaliyotolewa. Haikuhesabu mikungu. Baadhi ya vijiji vile leo ndivyo vinavyotuletea majani yaliyofunga fundo. Tena vijiji vingine jirani, ambavyo havikupewa kitu, bado viko na makemba mazuri, na watu wao wanaona haya kidogo kusema kwamba walisahaulika.

Juu ya hiyo kamati imekubali, si bila kelele, kufanya namna nyingine.

Machipukizi tutayachukua katika mashamba tuliyotembelea wenyewe, mgomba kwa mgomba, mara mbili, na wiki kadhaa katikati. Mgomba ulioambukizwa jana hauonyeshi kitu. Lazima utoe majani mawili au zaidi kabla alama haijaonekana, na hiyo inaweza kuchukua mwezi mmoja au miwili na zaidi. Ndiyo sababu ya kuchelewa, ndugu mzee wa makaratasi. Wengine wameniuliza kwa nini tusichovye tu machipukizi katika maji ya moto kama tulivyofundisha mwaka uliopita. Kumenya tunguu na kuichovya katika maji yanayochemka kwa nusu dakika kunaua minyoo na mayai ya fukusi. Ni kazi nzuri, tuendelee nayo. Virusi hakuvigusi, viko ndani kabisa ya mwili wa mgomba. Vivyo hivyo kitalu cha vipande vya tunguu katika unga wa mbao, ile njia inayotoa miche mingi kwa tunguu moja: ni njia bora ikiwa tunguu ni nzima. Ikiwa ni mgonjwa, tutakuwa tumejenga kiwanda cha ugonjwa kwa pesa ya wafadhili.

Watu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamekusanya kwa miaka mingi aina za makemba za nchi yetu, na kati ya aina zile ziko zilizokuwa zinapotea vijijini. Ningependa sana baadhi zirudi hapa, siku tutakapokuwa na mahali pa kuzilinda. Aina isiyoshikwa kabisa na banchitopu bado haiko kati ya ndizi tunazokula. Kuna zinazochelewa kushikwa, Gros Michel inasemwa hivyo tangu wakati wa Magee. Kuchelewa ni kitu, lakini hakutoshi.

Kiisha kuna kung'oa. Hapa utaratibu ni muhimu kupita nguvu. Mukikata mgomba mgonjwa kwa hasira, vidukari wanaanguka, wanatawanyika, wenye mabawa wanaruka, na siku hiyo hiyo wako kwa jirani. Kwanza waueni: mimineni petroli ya taa kidogo kwenye moyo wa mgomba, au maji yenye sabuni nyingi kwenye moyo na ndani ya maganda. Ngojeni. Kiisha chimbeni tunguu yote, na watoto wote hata wanaoonekana wazima, katakateni vipande vidogo ili visichipue, na rudini kila wiki mbili kuangalia kama kuna kilichobaki. Musipande mgomba mwingine pale mpaka muone ardhi haitoi tena hata chipukizi moja la zamani.

Na umbali. Kutoka Australia tena tuko na hesabu ambayo nimeibandika kwenye ukuta wa ofisi. Shamba jipya likiwa ubavuni mwa shamba gonjwa, uwezekano wa kushikwa ndani ya miezi 12 ni 88 kwa 100. Likiwa mita 50 mpaka 1000, ni 27 kwa 100. Likipita mita 1000, ni chini ya 5 kwa 100. Msitu wetu, ambao kila mgeni anautaja kama kizuizi cha maendeleo, hapa ni ukuta tuliopewa bure. Kwa hiyo kitalu cha chama hakitakuwa karibu na barabara, pale wageni wangekiona vizuri na kukipiga picha. Kitakuwa mbali, ndani, na watu watatembea.

Wafadhili mutaona katika ripoti ijayo namba ndogo: machipukizi machache kupita tuliyoandika katika mradi, familia chache katika msimu huu wa kwanza. Tunaomba musome pamoja nayo namba nyingine tutakayoanza kuweka, ya migomba iliyong'olewa, na baada ya mwaka, namba ya mikungu.

Limebaki jambo moja ambalo kamati haijalimaliza. Karibu na mahali tulipochagua pa kitalu kuna mashamba mawili ya zamani yenye migomba migonjwa. Mwenye shamba la kwanza amekubali kung'oa. Wa pili amekataa, na hakukataa kwa ujinga, alama za majani anazijua kunipita. Anasema migomba ile ilipandwa na baba yake kabla ya vita, na kwamba katika ile migonjwa kuna bado michache inayompa mkungu, na watoto wake wanakula mikungu hiyo mwezi huu, si mwaka ujao. Aliniuliza: nikiing'oa leo, chama kitanilisha mpaka mipya izae? Ni karibu mwaka mmoja, labda zaidi. Katika bajeti tuliyowapelekea hakuna franga hata moja kwa ajili ya jibu hilo. Kikao kijacho kitalizungumza, naye mwenyewe amealikwa.